Dawa ya Siku za Malelezi

Ami yangu alikuwa fundi wa kuchonga milango hapa Lamu. Mwaka mmoja, upepo wa kaskazi ulipokuwa umeshika, alifanya kazi mchana na usiku kwa wiki tatu hivi. Alikopa mbao za mbambakofi kwa wafanyabiashara wawili bila mmoja kujua habari za mwenzake, akaanza milango minne kwa pamoja, akagawa pesa za amana kwa wapita njia. Kila aliyeketi kwenye daka lake alielezwa namna milango ile itakavyopakiwa jahazini hadi Ulaya. Macho yaling'aa, maneno yalimtoka kama mvua ya masika, na aliyejaribu kumshika mkono alikuwa adui. Upepo wa kusi ulipoingia, mtu yule yule alikuwa amelala chumba cha ndani, uso kaugeuza ukutani, ndevu zimemea, shangazi akimlisha uji kwa kijiko.

Mtaa ulikuwa na maelezo mawili. Ya kaskazi yalikuwa kwamba ana mkono wa mtu. Ya kusi, kwamba ana mawazo, na wengine wakanong'ona kwamba ni aibu ya madeni. Mwalimu alimwandikia kombe, yaani aya za Qurani kwa wino wa zafarani za kuoshwa na kunywewa, na silibezi kombe hilo, maana lilimfanya aketi na watu na kuona kwamba hajatupwa. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeyaunganisha mambo mawili yale na kusema kwamba haya ni maradhi mamoja. Sidai kwamba pepo za bahari ndizo zilizomletea. Nasema tu kwamba sisi watu wa pwani, ambao tangu utotoni tunajua kaskazi na kusi ni mwaka mmoja, tulishindwa kuliona hilo kwa mtu wetu.

Na katikati palikuwa na malelezi, siku ambazo upepo haujaamua uelekee wapi na bahari imetulia. Siku hizo ami alikuwa mtu kamili. Alikwenda msikitini, alilipa alichoweza kulipa, alichonga maua ya mlango kwa mkono usiotetemeka. Ni siku hizo ambazo sisi sote tulimsahau mgonjwa wetu, tukashukuru Mungu, tukarudi kwenye shughuli zetu. Nimeusoma utafiti wa maradhi haya, yanayoitwa baipola, kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikisoma narudi kwenye kosa lilo hilo. Tulimtibu wakati wa dhoruba na kumwacha wakati wa utulivu, ilhali mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote juu ya ugonjwa huu alizipa siku za utulivu karibu maisha yake yote ya utafiti.

Mtu huyo ni Mogens Schou, daktari wa Denmark, aliyezaliwa 1918 na kufariki 2005. Kabla sijamfikia, yapo mambo ya kutangulizwa, na moja ni la hapa kwetu Kenya.

Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Emil Kraepelin alikuwa na desturi ya kuweka kadi kwa kila mgonjwa wake, akiandika alivyougua, alivyopona, na alivyorudi. Kadi hizo zilimwonyesha kwamba wengi waliokuja na kichaa cha furaha walikuwa ni wale wale waliowahi kuja, au watakaokuja baadaye, na huzuni isiyosemeka. Mwaka 1899 akayaweka yote chini ya jina moja. Leo tunauita ugonjwa wa hisia za pande mbili, au baipola. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 waliishi nao duniani, na watu milioni 280 waliishi na sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito. Ninachotaka kibaki ni kwamba ugonjwa huu hauonekani kwa kumtazama mtu mara moja. Huonekana kwa anayerudi kutazama tena.

Sasa tazameni kilichotokea Nairobi. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari ilianza mwaka 1910, na kuanzia 1938 iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Aliwahesabu Waafrika walioletwa kwake, akaona wenye sonona ni wachache mno, akahitimisha kwamba Mwafrika kwa nadra hupatwa na huzuni ya aina hiyo. Alikwenda mbali zaidi, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Haya hayakuwa maneno ya barazani. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lenyewe liliuchapisha utafiti wake, na mwaka uliofuata serikali ikamchapishia maoni yake juu ya saikolojia ya Mau Mau.

Ubaya wa maneno yale hauhitaji kuelezwa. Kosa la hesabu linahitaji, kwa sababu bado tunalifanya. Ni nani aliyekuwa akipelekwa Mathari? Aliyevunja duka, aliyevua nguo sokoni, aliyempiga askari. Yule aliyelala ndani uso ukutani hakumsumbua mtu, hakupelekwa popote. Kama Carothers angempokea ami yangu, angempokea wakati wa kaskazi, angemwandika mwenye kichaa, na kusi ya ami isingeingia katika vitabu kamwe. Margaret Field, aliyefanya utafiti Ghana miaka ya 1950, hakukaa hospitalini kungoja. Alikaa kwenye maziara ambako watu hupeleka shida zao, na huko aliwakuta wanawake wengi wenye sonona nzito, wakijishutumu wenyewe kwa maovu ambayo hawakuyatenda. Sonona ilikuwapo. Macho ndiyo yaliyokuwa yamesimama pasipo mahali pake. Hata leo, anayetaka kujua hali ya sonona Lamu kwa kuhesabu kadi za kliniki atapata jibu la Carothers.

Dawa aliyoitafiti Schou, yaani lithiamu, ilianza kwa mtu mwingine, na kwa njia isiyotarajiwa. John Cade, daktari wa Australia, alikuwa mateka wa Wajapani huko Changi, Singapore, katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi alifanya majaribio yake katika hospitali moja pembezoni mwa Melbourne, bila maabara ya maana, akitumia simbilisi, wanyama wadogo wa maabara. Dhana yake ya mwanzo ilikuwa na kasoro, lakini chumvi ya lithiamu aliyoitumia ilimwonyesha kitu: wanyama wale walitulia. Akaimeza mwenyewe kwanza kuona kama ina madhara, kisha akawapa wagonjwa kumi waliokuwa na kichaa cha furaha, na mwaka 1949 akatangaza matokeo. Mgonjwa wake wa kwanza, mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa katika hali hiyo kwa miaka mitano, alipata nafuu hata akarudi nyumbani na kazini. Mwaka 1950 mtu huyo huyo alikufa, na lithiamu ndiyo iliyomdhuru. Cade aliumia, akaiacha dawa.

Mwaka ule ule wa 1949 huko Marekani, watu wenye maradhi ya moyo walikuwa wameuziwa chumvi ya lithiamu badala ya chumvi ya kawaida, wakaitia chakulani bila kipimo. Baadhi walikufa, ikapigwa marufuku. Kwa hiyo Schou alipoichukua lithiamu mkononi, alichukua kitu chenye jina baya. Tena hakikuwa na mwenyewe. Ni elementi ya asili, iliyogunduliwa Sweden mwaka 1817, na hakuna kampuni inayoweza kudai hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chumvi. Kampuni za dawa hazikuwa na haja ya kuhangaika nayo. Dawa rahisi isiyo na tajiri nyuma yake huhitaji mtu mkaidi.

Schou alikuwa na sababu zake. Babake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na mtoto alikua akiwaona wagonjwa wa huzuni wakipita bustanini vichwa chini. Zaidi ya hayo, ndugu yake wa tumbo moja alipatwa na sonona mwaka baada ya mwaka. Hilo hakulitangaza tangu mwanzo. Alilieleza baadaye, na mtu akishalijua huiona tofauti kila karatasi aliyoiandika.

Mwaka 1954, akiwa Risskov karibu na mji wa Aarhus chini ya Profesa Erik Strömgren, yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la lithiamu kwa wenye kichaa cha furaha. Baadhi ya wagonjwa waligawiwa dawa au kidonge kitupu kwa kutupa sarafu, jambo lililokuwa geni kabisa katika tiba ya akili wakati huo. Lithiamu ilifanya kazi. Watafiti wengi wangeishia hapo: dhoruba imetulizwa, makala imechapishwa.

Lakini mwenzake, Poul Christian Baastrup, alipofuatilia wagonjwa waliokwisha kutibiwa, aligundua kwamba baadhi yao hawakuwa wameacha dawa kama walivyoagizwa. Waliendelea kumeza wakiwa wazima. Walipoulizwa kwa nini, walisema mizunguko yao haikuwa imerudi. Mimi hulipenda sana tukio hili. Ugunduzi mkubwa wa tiba ya baipola ulifanywa na wagonjwa waliokataa amri, na daktari akawa na adabu ya kuwasikiliza badala ya kuwakemea.

Kutoka hapo Baastrup na Schou waliwafuatilia wanawake 88 kwa miaka, wakilinganisha kila mmoja na historia yake mwenyewe kabla ya dawa. Mwaka 1967 walitangaza kwamba vipindi vya ugonjwa vilikuwa vimepungua sana, vile vya juu na vile vya chini pia. Mwaka uliofuata madaktari wawili wa London, Barry Blackwell na Michael Shepherd, wakawajibu kwa makala iliyouliza kama hii si hadithi nyingine tu ya tiba. Waliuliza kwa haki. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, madaktari walijua nani anameza nini, na mpenzi wa dawa huona anachotaka kuona. Yalikuwa maneno ya kuchoma, hasa kwa mtu ambaye ndugu yake alikuwa amepata nafuu kwa dawa hiyo hiyo.

Fikirieni mtego aliokuwamo. Njia pekee ya kuwajibu wakosoaji ilikuwa kuwanyang'anya dawa wagonjwa waliokuwa wazima, na yeye aliamini kwa moyo wake wote kwamba wataugua. Schou na wenzake walitafuta njia yenye madhara machache kadiri ilivyowezekana. Walichukua wanawake 84 waliokuwa wametulia kwa lithiamu. Kwa siri 45 wakaendelea nayo na 39 wakapewa kidonge kitupu, na hesabu ikawekwa kila mtu alipougua, ili jaribio lisimame mara tu jibu litakapopatikana. Kwa miezi mitano, kati ya wale 39, waliougua walikuwa 21. Kati ya wale 45 hakuugua hata mmoja. Matokeo yalitoka 1970. Mwaka huo huo Marekani ikaruhusu lithiamu itumike kwa kichaa cha furaha.

Sifuri juu ya 45. Nimeandika makala nyingi za afya na sijakutana mara nyingi na tarakimu kama hiyo. Na bado mimi naona uzito wa maisha ya Schou si tarakimu ile, ni swali lililoizaa. Madaktari waliomtangulia waliuliza namna ya kumshusha mtu aliyepanda. Yeye aliuliza la kumfanyia mtu ambaye leo hana neno lolote, anayechonga mlango wake, anayesalimia watu vizuri.

Wazee wa Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi, wanalijua swali hilo bila kusomea udaktari. Jahazi hupandishwa pwani, hutiwa kalafati, hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, wakati bahari inaruhusu. Hakuna nahodha anayengoja maji yaingie ngamani ndipo atafute pamba.

Sasa nirudi nyumbani, maana dawa hii ina masharti, na masharti yake yanagusa maisha ya Lamu moja kwa moja. Figo huishughulikia lithiamu kama inavyoishughulikia chumvi ya kawaida. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, kwa jua kali, kuharisha au kutapika, figo hujaribu kuzuia chumvi isipotee na kuizuia lithiamu pamoja nayo. Kiwango cha damuni kikapanda. Kiwango kinachotibu kwa kawaida ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na kikipita 1.5 hatari imeingia. Ni nafasi nyembamba. Dawa za maumivu ambazo sisi hununua dukani kama peremende, ibuprofeni na diklofenaki, huweza kukipandisha, na vivyo hivyo baadhi ya vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo. Anayemeza lithiamu akianza kutetemeka mikono kuliko kawaida yake, kuyumba, kuharisha na kusema kwa ulimi mzito, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yule mgonjwa wa kwanza wa Cade alikufa kwa sababu hapakuwa na aliyepima damu yake.

Na kuna Ramadhani. Watafiti wa Casablanca, Morocco, waliofuatilia wagonjwa wa baipola waliokuwa wametulia kwa lithiamu waliona kwamba karibu nusu yao waliugua tena mwezi huo, wengi katika wiki ya pili. Watafiti wa Pakistan walipofanya kazi kama hiyo baadaye hawakuona kiwango cha damuni kikibadilika kwa maana, wala wagonjwa wao hawakuharibikiwa. Mtu anaweza kuchagua utafiti anaoupenda. Mimi nasoma zote mbili pamoja, na naona kwamba kinachobadilika Ramadhani si maji peke yake. Usingizi hubadilika, saa za kumeza dawa hubadilika, na usingizi kwa mwenye baipola ni usukani. Hatuhitaji hukumu moja kwa wote. Tunahitaji mazungumzo kati ya mgonjwa, daktari na sheikh wake mwezi wa Shaabani, wakati angali mzima, juu ya kufunga au kutofunga, na kama atafunga, damu ipimwe lini. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qurani. Wasiwasi wangu ni kwamba mwenye maradhi ya akili, kwa kuwa ametulia, huona haya kuitumia.

Kipimo cha damu si jambo la ajabu. Lakini fikirieni mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, anayetakiwa kupimwa kila baada ya miezi michache. Boti yake hungoja maji yajae ndipo ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Nauli ni yake na siku ya kazi imepotea, na anakwenda kupimwa akiwa mzima. Familia gani itatoa nauli kwa ajili ya mtu mzima wakati kuna mtoto mwenye homa? Ndipo ninaposema kwamba lithiamu ikiwa tu kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, au kwenye kabati la duka la dawa, haijamfikia mtu wa Lamu. Dawa hii ni kidonge pamoja na kipimo, na mtu anayekumbuka tarehe. Sindano ya dhoruba tunayo. Ami alidungwa katika hospitali moja ya bara, akalala siku mbili, akarudishwa na vidonge vya wiki mbili kwenye bahasha na hakuna aliyemwambia kitakachofuata. Vidonge viliisha akiwa anacheka na watu.

Hapa pwani utafiti wa kweli unafanyika. Kilifi, kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome Trust, ilikuwa sehemu ya utafiti mkubwa uliokusanya mate na historia za maelfu ya watu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini ili kutafuta chembe za urithi zinazohusiana na baipola na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisi. Naunga mkono kazi hiyo bila kusitasita, kwa sababu mpaka leo sehemu kubwa ya taarifa za urithi duniani imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, na dawa za kesho zitatengenezwa kwa anayeonekana katika taarifa hizo. Lakini mate hutolewa mara moja. Ninachokitamani kwa vijana wetu wanaosomea magonjwa ya akili ni kazi ya aina nyingine pia, isiyo na mashine kubwa: daktari mmoja, kaunti moja, watu mia moja, miaka ishirini. Aandike nani ameugua, lini, katika mwezi gani, akimeza nini. Haitampeleka kwenye mikutano ya nje upesi. Itampa kitu ambacho hakuna anayekijua leo, yaani mwenendo wa maradhi haya kwa mtu wa visiwa hivi.

Mambo mengine yamesogea. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Uamuzi huo uligusa familia nyingi zilizokuwa zikificha mgonjwa kwa kumhofia askari. Ninautaja kwa makusudi, maana miongoni mwa yale ambayo utafiti uliofuata umeyaonyesha juu ya lithiamu ni kwamba huwapunguzia wagonjwa hawa uwezekano wa kufa kwa mikono yao wenyewe. Zile siku za uso ukutani si uvivu, na si madeni.

Tulipompeleka ami kwa daktari wa magonjwa ya akili Mombasa, miaka mingi ikiwa imeshapita, daktari alituuliza swali moja ambalo sisi wanaume wote tulilikosea: mara ya mwisho ilianza lini, na kabla ya hiyo? Kila mmoja alitaja mwaka wake. Shangazi alikuwa kimya. Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Alikuwa ameandika kwa hati za Kiarabu, kwa miezi ya Kiislamu, tangu mwaka wa kwanza: usiku ami aliokesha, siku aliyokataa chakula, siku aliyorudi kazini. Hakuna aliyewahi kumwomba kuliona.

Daktari alilisoma kwa muda mrefu, shangazi akimtafsiria ukurasa kwa ukurasa. Kisha akachukua kalamu, na chini ya mstari wa mwisho akamwomba shangazi aandike tarehe ya kupima damu.